Kanga Kwenye Wikio

Mwenye gari alinishusha Darajani akaniambia mbele ya hapo ni miguu tu. Nilishuka na begi langu katikati ya mngurumo. Kila duka lilikuwa na jenereta mlangoni, waya zimetambaa njiani, na watu walizungumza kwa kupiga kelele, kisha wakiingia vichochoroni wanasahau kushusha sauti. Kisiwa kizima hakikuwa na umeme. Kulikuwa na hitilafu, watu walisema, katika njia inayouleta kutoka bara, na hakuna aliyejua utarudi lini. Ilikuwa mwaka 2008, mwezi wa Mei ukikaribia kwisha.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekaa Lisbon, Bombay na Maputo, lakini Unguja, iliyo ng'ambo tu ya kwetu, sikuwahi kufika. Niliujua mtaa wake mmoja, na huo niliujua kwa picha. Mtu asiyetaja jina lake alikuwa akiziweka kwenye jukwaa moja la mtandaoni, mahali wanapokutana watu wa dunia nzima wanaotengeneza picha za ajabu kwa kompyuta. Picha zake zilinikamata kwa sababu ndani yake kulikuwa na mahali pa kweli palipofanywa pasiwezekane: ngazi za mawe zinazopanda kutoka baharini mpaka chumbani kwa mtu, majumba marefu ya Michenzani yamekunjwa kama mikeka na kuegemezwa ukutani, nyumba mpya za Mpendae, zenye vioo vya buluu, zinatembea kwa miguu ya mikoko kwenye maji ya kupwa. Na katika kila picha, hata ile ya jangwa tupu, kulikuwa na wikio: kile kijumba chembamba kinachovuka juu ya kichochoro kutoka ghorofa ya nyumba moja hadi ghorofa ya nyumba ya pili, ili wanawake wa nyumba mbili watembeleane bila ya kushuka njiani. Kwenye dirisha la wikio daima palitundikwa kanga moja, nyekundu.

Niliandikiana na mwenye picha kwa miezi. Mwisho akaniambia anaitwa Lamya, kazi yake ni kuchora ramani za majengo, na nyumbani kwake kuna chumba kitupu nikitaka kuja.

Basi nilipofika mtaani nilitazama juu. Nilizungusha shingo mpaka ikauma. Wikio sikuliona.

"Bibi, umepoteza ndege?" aliuliza mwanamume aliyekuwa anatia mafuta kwenye jenereta, mbele ya hoteli ndogo iliyopakwa chokaa upya.

"Natafuta wikio."

"Wikio? Umechelewa. Hilo lilikuwa hapo." Alinyoosha kidole. Juu, kwenye ukuta wa hoteli, palikuwa na kiraka cha lipu cheupe kuliko ukuta wenyewe, chenye umbo la mlango. Mkabala wake, kwenye nyumba ya pili, mlango ulikuwa ungalipo, umefungwa kwa mbao, unaelekea hewani. "Wewe mgeni wa dada Lamya. Piga hodi kwa nguvu, hii mashine inatuua masikio. Mimi Wakil. Hapa mapokezi ni mimi, ulinzi ni mimi, na fundi jenereta ni mimi. Wenzangu wamekwenda kwao Makunduchi kupumzika na kiza cha kwao."

"Na wewe kwenu wapi?"

"Huko huko," alisema, akacheka. "Lakini mimi kiza chetu nakijua."

Lamya alinishushia ufunguo kwa kamba kutoka dirishani.

"Ulisema Jumatano!" alipiga kelele.

"Leo Jumatano!"

"Kweli? Basi panda, bila ya umeme siku zote zimekuwa moja."

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alinipa chai ya mdalasini na mkate wa kumimina, akanionyesha chumba changu. Kilikuwa chumba chenye ule mlango uliopigwa mbao. Mbali na kitanda hakikuwa na kitu ila kasha la mbao lenye misumari ya shaba.

"Usilifungue tu," alisema. "La mama."

Asubuhi alikwenda kazini kama kawaida, ingawa kazi hakukuwa. Nilimfuata siku moja. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja cha juu, karibu na posta ya zamani, na tajiri wake, Hisham, alikuwa akijipepea kwa karatasi ya ramani. Kompyuta zilikuwa zimefunikwa kwa vitambaa kama vizimba vya ndege. Lamya alitoa ubao wa zamani na kalamu za wino akawa anachora kwa mkono nyumba ya mtu wa Mpendae.

"Nguzo nne mbele," aliniambia, "na zote hazibebi kitu. Nilimuuliza mteja, hizi zinabeba nini? Kanambia: zinabeba heshima yangu."

"Na wewe ukamchorea," alisema Hisham.

"Nkamchorea. Heshima yake nzito, nguzo moja haitoshi."

Walicheka, na mimi nikacheka. Ndipo Hisham akasema, kwa wema tu, "Inshallah wiki ijayo umeme utarudi, Lamya, na picha zako za Ijumaa utaendelea nazo." Niliona kalamu ya Lamya imesimama. Tone la wino lilikusanyika kwenye ncha, likadondoka juu ya nguzo ya heshima. Mji mzima ulikuwa unaomba umeme urudi. Watu walikuwa wakitupa samaki walioharibika, kina mama wakichota maji visimani kwa sababu pampu zimekufa. Huyu hakuitikia inshallah.

Jioni nilimuuliza. Alikuwa ameketi juu ya kasha.

Hii nyumba, alisema, na ile iliyogeuzwa hoteli zilikuwa za madada wawili. Mama yake, Bi Kulthum, ndiye mkubwa. Mdogo wake, Bi Maha, aliishi ng'ambo ya kichochoro, na wikio lilikuwa kati yao. Kila asubuhi Bi Kulthum alitundika kanga yake kwenye dirisha la wikio, maana yake mlango wazi, njoo tunywe chai. Bi Maha alipofiwa na mume akakaa eda, na mwenye eda hatoki nyumbani, alivuka wikio kila siku akaja kukaa kwa dada yake. Walipoulizwa na majirani, walijibu hawajatoka. Nyumba mbili zenye wikio ni nyumba moja. Hakuna shehe aliyekwenda kuwabishia. Walipogombana, na waligombana sana, kanga haikutundikwa, na ng'ambo walijua wasivuke mpaka itoke tena.

Mwaka 1986 Bi Maha alifuatana na mwanawe Badar, aliyepata kazi Muscat. Nyumba ikafungwa, wikio likabaki. Bi Kulthum aliendelea kutundika kanga, miaka ishirini na zaidi, kwa nyumba isiyo na mtu.

"Ukimwuliza, anasema anaianika," alisema Lamya. "Kavu kama kaki, anaianika."

Kisha nyumba ikauzwa. Habari ililetwa na mnunuzi, na kutoka Muscat barua haikuja wala simu. Wenye hoteli waliona boriti za wikio zimeliwa na mchwa, na kweli zilikuwa zimeliwa, wakalivunja. Lamya alilipiga picha kwa kamera ya ofisi, kila jiwe, kabla halijashuka. Siku lilipokwisha kushuka, Bi Kulthum aliikunja kanga, akaitia kashani akalifunga. Akasema hatundiki tena. Masika yaliyofuata alikufa.

"Alimsamehe mdogo wake?" niliuliza.

"Siku zake za mwisho alikuwa akimtaja. Maha, Maha. Kwa kumwita au kwa kumlaumu, sijui. Nilimuuliza, hakunijibu."

Badar alipigiwa simu ya msiba. Akalia, kisha akaomba jambo moja: mama yake asiambiwe. Moyo wake mbovu, daktari kasema habari nzito zitamwua. Mambo hayo hufanywa, na Lamya alikubali, kama watu wengi wanavyokubali katika wiki ya kwanza ya msiba, wanapokuwa hawana nguvu ya kukataa kitu.

Matanga yalipoanuliwa alibaki peke yake na picha za mawe. Ndipo alipoanza. Ijumaa baada ya sala, ofisi ikiwa tupu, alikuwa akilisimamisha tena wikio kwenye kompyuta, lakini kila alipolisimamisha mahali pake lilimuuma, basi akawa analipeleka kwengine: juu ya bahari, jangwani, baina ya majumba ya Michenzani yaliyokunjwa. Kanga aliitia kwa sababu picha ilitaka rangi.

"Tu?" niliuliza.

"Tu. Ukuta wa kijivu, bahari ya kijivu. Mtu wa Poland aliandika kwamba ule wekundu ni damu ya historia. Mtu wa Brazil akasema ni ulimi. Nkawaacha."

Lakini Muscat kulikuwa na msichana wa shule, binti yake Badar, anaitwa Ummkulthum kwa jina la bibi mkubwa. Aliziona picha zile, akamwonyesha bibi yake. Na Bi Maha, ambaye hajui jukwaa wala Poland, hakuona ndoto yoyote. Aliona kanga imetundikwa. Akasema: Da Kulthum ananiita. Siku ile alikula chakula kizima, jambo ambalo alikuwa hajalifanya kwa muda mrefu, na Badar akapiga simu Unguja.

"Kanambia, usimuue mama'ngu, Lamya. Endelea. Kila Ijumaa moja. Basi."

Aliendelea. Ikawa mwaka. Bi Maha akawa anasoma kila picha kama mtu anayesoma habari za nyumbani. Ngazi zinatoka baharini: maji ya bamvua mwaka huu yamepanda. Nyumba za Mpendae zina miguu: watu wanahamia shamba. Na akawa anajibu, kwa mkono wa mjukuu wake, palepale chini ya picha, katikati ya maneno ya wageni.

Maneno hayo nilikuwa nimeyasoma. Nikiwa Maputo, nilikuwa nikiyaona yale ya Kiswahili baina ya Kiingereza na Kireno: "Da Kulthum, kanga hiyo imeshapauka, toa ile ya zafarani." "Da Kulthum, mguu wangu bado, wako vipi?" Kwa kuwa niliyafahamu, nilijiona mjanja kuliko wasomaji wengine. Nilidhani ni sehemu ya sanaa, kwamba msanii amejibunia kikongwe wa kuzungumza na picha zake. Nilikuwa nimeshaandika aya nzima, kwenye makala yangu, ya kusifu jambo hilo.

Ijumaa ya pili tangu nifike, Badar alipiga simu ya mezani. Sauti yake ilisikika mpaka nilipokaa.

"Kuna ujumbe wa mama chini ya picha ya mwisho. Umeuona?"

"Sina umeme, kaka."

"Hoteli wanao. Nenda hapo, uone. Nshamwambia mama Unguja kuna kiza, anasubiri. Lakini umeme ukirudi, Lamya, siku hiyo hiyo weka picha. Siku hiyo hiyo."

Tulishuka. Lamya alikuwa hajakanyaga nyumba ile tangu iuzwe. Alisimama kizingitini kama aliyesahau alichofuata.

"Ingia, dada," alisema Wakil. "Jirani haombi ruhusa. Wageni wamekimbia wote, nna mmoja tu, Mfaransa, na yeye anasema kiza kinampendeza."

"Ile kompyuta yenu inafanya kazi?"

"Ikiamka vizuri. Iombe kwa adabu."

Kabla ya kukaa aliomba kupanda juu. Wakil alitutangulia akafungua mlango wa chumba kilichopakana na kichochoro. Pale wikio lilipokuwa likiingilia palikuwa na beseni kubwa la kuogea, jeupe, na juu yake rafu yenye sabuni ndogondogo zilizofungwa kwa majani ya mnazi. Lamya aliweka kiganja ukutani, kwenye vigae.

"Hapa palikuwa na birika la kahawa," alisema. "Na mama mdogo alikuwa akikaa hivi, mgongo ukutani, anamsikiliza mama anavyokuja. Mama alikuwa akikohoa njiani makusudi, asije akamkuta anamsema."

Wakil aliangalia chini. "Mimi walinambia hapa palikuwa stoo," alisema.

Kompyuta iliamka polepole. Picha ya mwisho ilishuka mstari kwa mstari: wikio refu lisilo na mwisho wa pili, limetoka katika nyumba ya Lamya likapita juu ya mawingu, na kanga ileile. Chini yake, baada ya mtu wa Brazil, palikuwa na maneno haya:

"Bibi kasema niyaandike kama alivyoyasema. Da Kulthum, nakuomba radhi. Nyumba niliuza mimi, Badar hana kosa. Niliona haya kukwambia. Nimeshindwa kukuuliza mwaka mzima, na wewe unatundika kanga kama hapakutokea kitu, na mimi sijui kama unanitundikia mimi au umezoea tu. Sasa nakuuliza. Kama umeniachia kosa hilo, umeme ukirudi tundika. Kama hujaniachia, toa picha bila ya kanga, ntafahamu, wala sitokasirika. Siku zangu zimekwisha, nataka kujua."

Lamya aliyasoma mara nyingi. Kisha akafungua programu ya picha, ile ndogo iliyokuwamo kwenye kompyuta ya hoteli, akaanza kukata ukuta. Alikuwa hodari, mkono wake ulikwenda kama wa mshonaji. Ukuta ukasimama, dirisha likafunguka. Lilibaki tupu. Alipeleka kishale kwenye kanga, akakirudisha. Akakipeleka tena.

"Itie," nilimwambia. "Ni bibi mzee. Itie apumzike."

"Kwa radhi ya nani?"

"Ya mama yako."

"Mama yangu aliikunja." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Mwaka mzima nimemtundikia mtu kanga ambayo mwenyewe aliifungia. Watu wa nje nimewadanganya, sawa, wao walikuja kudanganywa. Huyu aliamini. Nikiitia, nimemsamehe mimi, kwa jina la maiti. Nikiiacha, nimemnyima mimi, kwa jina la maiti. Na yeye hajui hata kumsomea dada yake fatiha. Kila siku anaomba dada yake apone mguu."

Alizima. Picha hakuihifadhi.

Palepale mapokezini aliomba simu ya Wakil, akampigia Badar.

"Nnakuja," alisema. "Nifanyie viza."

Upande wa pili palikuwa na maneno mengi.

"Najua moyo wake. Ntamwambia taratibu, nimemkamata mkono... La, wewe huwezi, ungeweza ungeshamwambia... Basi afie mkononi mwangu anajua, kuliko kufa anasubiri kitambaa. Niletee viza, Badar."

Viza ilichukua muda. Siku hizo alikuwa mtu aliyewekewa saa asiyoiona. Kila jenereta ilipozimwa mtaani alishtuka, akaenda kujaribu swichi, na taa isipowaka aliachia pumzi. Nilimsikia Wakil akimtania dirishani, "Dada Lamya, wewe peke yako Unguja unakipenda kiza, wewe na Mfaransa wangu!" Alimjibu kwa mzaha, lakini alipofunga dirisha mzaha ulikuwa umemtoka usoni.

Nilimuuliza atajibu nini akiulizwa kama alisamehewa.

"Ntamwambia alivyokuwa akimtaja. Kama nilivyosikia. Sitoongeza."

"Ataona haitoshi."

"Haitoshi," alisema.

Asubuhi ya safari alifungua kasha. Harufu ya udi na karafuu ilitoka ndani, na kanga ilikuwa juu kabisa, imekunjwa ndogo. Kwenye kompyuta ilikuwa nyekundu; hii ilikuwa imepigwa na jua la miaka mpaka ikawa na rangi ya udongo, na upande mmoja ulikuwa na alama ya msumari wa dirisha. Aliitia katika mkoba wa mkononi, chini ya pasipoti.

Alikuwa anafunga mkoba pale kelele zilipozuka. Zilianzia mbali, upande wa Darajani, zikaja nyumba kwa nyumba, watoto, kina mama, wanaume wazima: "Umerudi! Umerudi!" Taa ya chumbani iliwaka juu ya vichwa vyetu, manjano, mchana kweupe. Pangaboi likajizungusha na kutupa vumbi.

Simu ya mezani ikalia. Alipokea.

"Umeme unarudi leo," ilisema sauti ya Badar. "Redioni wametangaza tangu alfajiri. Lamya, sikiliza, hakuna haja ya kuja. Kaa, weka picha. Mama kashajua, kashavaa, kakaa mbele ya kompyuta na mtoto. Tia kanga, dada yangu, kidogo tu, nakuomba."

Aliangalia taa. Nilidhani atakaa. Mkono wake ulikuwa umeshika waya wa simu, anauviringisha kidoleni.

"Mwambie asikae mbele ya kompyuta," alisema. "Mwambie nipo njiani, nnamletea kanga yenyewe. Yaliyobaki ntamwambia mimi."

Aliweka simu chini. Akanipa ufunguo wenye kamba yake.

"Madirisha uyafungue asubuhi, nyumba za chokaa zikifungwa zinalia maji. Kasha likiachwa wazi si neno tena." Kisha, mlangoni: "Na ile aya yako ya kusifu, uliyoniambia. Ifute."

"Nshaifuta."

"Haya. Kwa heri, mwenzangu."

Wakil alimpokea begi kubwa chini, kisha akarudi haraka kuzima jenereta yake, na majirani wakazima zao, moja baada ya moja, mpaka mtaa ukawa kimya. Tangu nifike sikuwahi kuusikia hivyo. Nilisimama dirishani mkabala na kiraka cha lipu. Ndani simu ilianza kulia tena, nikaiacha ilie, na chini kichochoroni nilisikia viatu vya Lamya vikienda, vikipinda kona, mpaka nikabaki na simu peke yake.